Je, Inaona Mvuke?

Duka letu hapa Hakodate liko chini ya ngazi,
mkabala na kituo cha tramu, na mwezi wa Machi
theluji iliyochafuka hulala mlangoni
kama paka asiye na mwenyewe.
Nakodisha kamera. Huuliza maswali matatu tu:
unapiga jua au giza,
kilichotulia au kinachokimbia,
na siku ngapi.

Bi Kikue Narumi alivua glavu, kidole kwa kidole.
"Mimi," akasema, "napiga mvuke.
Je, inaona mvuke?"

Nilimtolea ile kubwa. Kizuri chajiuza,
nikadhani haitahitaji mdomo wangu:
megapikseli arobaini na tano,
lenzi nzito kama jiwe la kukandamizia achari.
Akaipima kwa mkono mmoja, apimavyo mtu kabichi,
akairudisha kaunta.
"Mkono wangu wa pili utashika upawa."

Ndipo nikaelewa: mpishi wa shule,
ile ya mlimani, inayofungwa Ijumaa
kwa kuwa watoto wamebaki sita
na basi halipandi tena kwa ajili ya sita.
Miaka thelathini na mmoja ya wali na supu ya soya,
na picha aliyo nayo ni moja, yeye pembeni,
nusu ya uso imekatwa na mlango.

Nikamtafutia ndogo, ya zamani kidogo,
yenye mkwaruzo ubavuni, hivyo bei nafuu.
Nikamweleza mwanga, kasi, umbali.
Wahenga walisema macho hayana pazia.
Hii inalo, nikamwambia, hufunguka na kufunga
upesi kuliko kope,
na unachokipata
hukijui mpaka pazia limeshashuka.
"Kumbe ni kama watoto," akasema.
Akaweka amana kwa noti zilizonuka vitunguu.

Jumamosi akairudisha, imefungwa kwa taulo la jikoni.
Betri, sawa. Mkanda, sawa. Kifuniko cha lenzi, sawa.
Kadi ya kumbukumbu
ameisahau ndani.

Sheria ya duka: futa.
Mimi nikafungua kwanza.

Picha mia mbili na kumi na mbili.
Sakafu. Kidole chake. Sakafu.
Jozi sita za viatu, moja imeelekea ukutani
kana kwamba imeadhibiwa.
Kisha nyeupe. Nyeupe. Arobaini hivi, nyeupe tupu,
na hilo kosa langu mwenyewe:
sikumwambia kwamba lenzi itokayo kwenye baridi
ikiingia jikoni hulia machozi.

Nikampigia simu, nikaomba radhi.
Alikuja na tramu ya mwisho.
Akasimama mbele ya skrini, miwani juu ya paji,
akapita sakafu, akapita kidole,
akapita hata ile ya viatu
ambayo nilikwisha kuichagulia fremu.
Akasita kwenye nyeupe.

"Huyu Ritsu, anaomba nyongeza.
Huyu Mihane, anaficha karoti chini ya wali,
anadhani sioni."

Nikasogea. Nikaongeza mwanga, nikapunguza.
Nimeisomea kazi hii miaka miwili.
Sikuona mtu.

Akataka nyeupe tisa zichapishwe, ukubwa wa kiganja,
akauliza kama zilizoharibika ni nusu bei.
Bei moja, nikasema.
Akalipa huku akinung'unika, akazihesabu mara mbili,
akazitia ndani ya lile taulo.

Jumatatu kamera ilikuwa na miadi ya harusi.
Nikajaza fomu: hitilafu, hakuna.
Kando ya kitufe palikuwa na punje ya wali, imekauka.
Kitambaa nilikuwa nacho mkononi.
Bwana harusi akauliza kama inaona vizuri gizani.
Sijui, nikamwambia.
Ijaribu.